Aprili ya Jinhae, Aprili ya Kianyaga

Wiki ya kwanza ya Aprili huwezi kumkuta mtu wa Kianyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, amekaa bure. Mvua za njahi, yaani masika, zimefunguka, mahindi na maharagwe yameingia ardhini, na mlima, ambao asubuhi za Januari huonekana hadi kilele cha Batian, umejifunika mawingu kutwa. Wiki hiyohiyo mji wa bandari wa Jinhae, kusini mwa Korea, unapokea wageni kwa mamilioni waliokuja kutazama maua ya cheri. Huku watu wameinamia udongo, kule wameinua nyuso kwenye matawi.

Anayepanga safari ya kwenda kuona sherehe za machipuko za Korea, akitokea miteremko hii ya Kirinyaga, ana swali la kujibu kabla ya tiketi na viza: sherehe anayoitaka inafuata nini? Haziongozwi na kalenda moja. Nyingine hufuata ua, nyingine maji ya bahari, nyingine mwezi. Saa zote hizo sisi wa Afrika Mashariki tunazijua, maana tunaishi nazo, na kuzilinganisha kwanza ni maandalizi mazuri kuliko kununua kitabu cha picha.

Tuanze na ua. Mcheri hutunga vitumba vyake tangu joto la mwaka uliotangulia, kisha hulala majira yote ya baridi. Unahitaji baridi ya kutosha ili usingizi ule uishe, halafu joto la siku nyingi ili ua likunjuke. Ndiyo sababu tarehe yake haina mwenyewe. Mjini Seoul upo mti mmoja ulio hakimu, kwenye kituo cha zamani cha hali ya hewa cha Songwol-dong: tawi lake likionyesha maua matatu yaliyokunjuka, Idara ya Hali ya Hewa hutangaza kwamba cheri za mji zimeanza kuchanua. Kumbukumbu hizo zinawekwa tangu 1922. Mwaka 2021 tangazo lilitoka 24 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia. Mwaka 2024 mti huohuo ulingoja hadi 1 Aprili. Mwaka huo wa 2024 Jinhae walikuwa wameliwahisha tamasha lao hadi 22 Machi, wakiamini joto litawahi, na wageni wa mwanzo wakakuta matawi matupu. Sokcho, mji wa pwani ya mashariki, uliamua kulirudia tamasha lake wiki iliyofuata kwa sababu maua hayakuwa yametokea.

Kianyaga nako kuna ua la namna hiyo, ila halina tamasha. Mbuni hutunga vitumba wakati wa ukame na kuvisimamisha hapohapo. Mvua ya maana ikipiga, baada ya siku nane hadi kumi hivi shamba zima hufunguka kwa mkupuo, jeupe kuanzia karibu na shina hadi ncha ya tawi, na harufu yake inakaribia ya asumini. Siku ya tatu petali zimekuwa rangi ya chai ya maziwa na zinadondoka. Aliyekuwa Nairobi wiki hiyo amekosa. Atakayerudi Jumamosi ijayo atakuta vijibuni vya kijani vidogo kuliko punje ya mtama.

Miti yote miwili, basi, hulala na kuamshwa, na yote huchanua kwa siku chache tu. Lakini mmoja huamshwa na joto baada ya baridi, na mwingine na maji baada ya ukame. Mkorea hutembea chini ya ua kwa ajili ya ua lenyewe, kwa kuwa cheri hizo za barabarani hazikupandwa ili zivunwe. Mkulima wa Gichugu, eneo ilimo Kianyaga, hulitazama lake akipiga hesabu, kwani weupe wa Machi ndio debe za Novemba. Jicho la kwanza limejifunza kuona uzuri usiodaiwa kitu. La pili limejifunza kusoma mwaka mzima kwenye tawi moja. Yote mawili ni maarifa.

Miti hii inafanana pia katika historia, na hapa ndipo ulinganisho ulinishika zaidi. Jinhae ilijengwa na Wajapani kuwa bandari ya kijeshi mwanzoni mwa karne ya 20, nao ndio waliojaza cheri mitaani. Baada ya ukombozi wa 1945 wenyeji walikata miti mingi, wakiiona kuwa masalia ya mtawala. Mwaka 1952 ikasimamishwa pale sanamu ya Amirali Yi Sun-sin, aliyezishinda meli za Japani katika karne ya 16, na ibada za kumkumbuka zikazaa tamasha rasmi mwaka 1963. Kisha mji ukapandwa cheri upya, watu wakijitia moyo kwamba aina ile ina asili yake katika kisiwa cha Jeju. Utafiti wa jenomu uliochapishwa 2018 umeonyesha kuwa cheri ya Jeju na ile ya Japani ni mahuluti mawili tofauti, lakini mapenzi yalikuwa yameshaota mizizi. Leo Jinhae ina cheri zinazokadiriwa kufika 360,000, na chini yake anakumbukwa amirali aliyepigana na Japani.

Kahawa ya Kenya ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miongo mingi Mwafrika alikatazwa kuipanda ili asishindane na mlowezi. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu majaribio machache katika Meru, Embu na Kisii. Gichugu wakati huo ilihesabiwa katika wilaya ya Embu. Ni baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ndipo mibuni ilipoenea kwenye mashamba madogo ya mlimani. Wakorea waliukata mti wa mtawala kisha wakaurudisha kwa hiari yao. Watu wa Kirinyaga walinyimwa mti wa mtawala kisha wakaufanya wao, hata kahawa ya Kirinyaga ikajulikana duniani kwa jina la mahali pake. Njia ni tofauti, na katika zote mbili mti umebadilisha mwenyewe.

Saa ya pili ni maji. Katika kisiwa cha Jindo, kusini-magharibi mwa Korea, bahari hukauka kwa muda wa saa moja hivi na kuacha njia ya kilomita 2.8 kutoka kijiji cha Hoedong hadi kisiwa kidogo cha Modo. Mwaka 1975 balozi wa Ufaransa, Pierre Landy, aliiona akaiandika katika gazeti la kwao, na umaarufu wake ukavuka mipaka. Wenyeji husimulia habari za bibi kizee aliyeachwa nyuma watu walipowakimbia chui milia, akaomba hadi bahari ikapasuka. Mtu wa Lamu au wa Unguja hatashangaa sana: hilo ni bamvua, maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yanayozidi nguvu kadiri Machi na Septemba zinavyokaribia. Kwetu bamvua huwatoa wanawake kwenda miambani kutafuta pweza na chaza, na hakuna anayeweka jukwaa. Jindo nao wanaokota makombe wakiwa njiani, lakini wamezungusha ngoma na ibada juu ya kupwa huko. Faida kwa msafiri ni kwamba bamvua haidanganyi. Saa yake inajulikana mwaka mmoja kabla, kinyume kabisa na cheri.

Saa ya tatu, mwezi, inahitaji uangalifu. Maandamano ya fanusi ya Yeondeunghoe, ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2020, hufanyika Seoul kuelekea siku ya kuzaliwa kwa Budha, tarehe 8 ya mwezi wa nne kwa kalenda ya kale. Anayezijua Maulidi za Lamu, zinazowakusanya watu kwenye msikiti wa Riyadha kila Mfungo Sita, ataona udugu mara moja: kuzaliwa kwa mwalimu wa dini, usiku, nyimbo, mji mzima barabarani. Ila asije akapiga hesabu ya Lamu kwa ajili ya Seoul. Mwaka wa Kiislamu ni wa mwezi mtupu na hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka bila kusimama, hivyo Maulidi huzunguka majira yote. Kalenda ya Kikorea huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu ili isitengane na jua. Siku ya Budha ilikuwa 27 Mei mwaka 2023, ikarudi hadi 15 Mei, ikarudi tena hadi 5 Mei mwaka 2025, kisha ikaruka hadi 24 Mei mwaka 2026. Maulidi huenda kiangazi na masika. Fanusi hazitoki katika machipuko.

Sisi pia tuliwahi kupokea sherehe ya machipuko kutoka ng'ambo. Nairuzi ya Waajemi, inayoangukia Machi usiku na mchana vinapolingana, ilivuka bahari ikatua Makunduchi, Unguja, kama Mwaka Kogwa. Leo huchezwa Julai, kwenye upepo wa kusi, wanaume wakipigana kwa magogo ya migomba na kibanda kikichomwa moto. Mwaka wake ni wa siku 365 na hauna siku ya nyongeza, na kwa karne nyingi wakulima na mabaharia walihesabu miongo yake kujua wakati wa kupanda na wakati wa kutweka tanga. Sherehe ikihama huacha majira yake nyuma na kutafuta kazi mpya.

Lakini anayetoka Kianyaga ningemwelekeza Gangneung. Danoje ya Gangneung, tarehe 5 ya mwezi wa tano, iko ukingoni mwa machipuko, watu wakiwa wamemaliza kupanda. Serikali ya Korea iliipa hadhi ya urithi wa taifa mwaka 1967, na UNESCO ikaitambua mwaka 2005. Kiini chake ni mlima. Mwezi mmoja kabla, wenyeji hutoa mchele wao kidogokidogo, ukatengenezwa pombe ya ibada. Siku kumi baadaye hupanda hadi pito la Daegwallyeong, wakamtolea sadaka mungu wa mlima, ambaye kwa simulizi zao ni Jenerali Kim Yu-sin, kisha wakachagua mti mmoja ambamo roho mlinzi wa mji hushukia, na kuuteremsha hadi mjini. Hapo ndipo kunapoingia ngoma za waganga, igizo la vinyago lisilo na neno hata moja, mieleka, bembea, na wanawake kuosha nywele kwa maji ya majani yenye harufu, huku kando ya mto Namdaecheon kukiwa na soko kubwa.

Mgichugu ataitambua sarufi ya ibada hii. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, alieleza maombi ya mvua chini ya mti wa mugumo: wazee na watoto, maziwa, pombe ya asali, mwanakondoo, na nyuso zimeelekezwa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mlima, mti, pombe iliyopikwa kwa ajili hiyo, wakati wa kupanda: vyote vipo pande zote mbili. Tofauti iko katika mwendo. Wakorea hupanda kumchukua mlinzi wao na kumleta sokoni akae nao siku kadhaa kabla ya kumrudisha. Waliosali chini ya mugumo hawakumteremsha Ngai, Mungu wao. Walisimama walipo, wakautazama mlima kwa mbali. Huko ukaribu ndio heshima, huku umbali ndio heshima. Leo wengi Kianyaga huombea mvua kanisani, na Gangneung nako wapo Wakristo na wasio na dini wanaotoa mchele wao kwa ajili ya pombe ile. Hilo la pili lingefaa kutazamwa kwa makini na kaunti zetu zinazotafuta namna ya kuutunza urithi bila kumlazimisha mtu imani.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Mkenya anahitaji viza. Ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na Incheon, iliyoanzishwa na Korean Air mwaka 2012, ilisitishwa Agosti 2014 wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, kwa hiyo wengi hubadilisha ndege Dubai, Doha au Addis Ababa. Saa ya Seoul imetutangulia kwa sita kamili, hivyo saa moja asubuhi ya Kianyaga, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ni saa moja pia kwenye saa za ukutani za Seoul.

Usiijenge safari yote juu ya cheri. Ukizitaka, jipe siku kumi na usilipie hoteli zote kabla ya tangazo la Songwol-dong. Ukitaka uhakika, fuata mwezi. Mwaka 2026 siku ya Budha ni 24 Mei na Dano ni 19 Juni, na kufikia hapo palizi ya Kianyaga imekwisha.