Kuhama kwa Tovuti: Taarikhi ya Amana ya Jina, Nyumba na Nakala

 

Kuhamisha maandishi ya umma kutoka nyumba hata nyumba si jambo geni katika taarikhi ya Uislamu. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Qur'ani vifuani mwao, Khalifa Abu Bakr alimwagiza Zayd bin Thabit aikusanye katika kurasa. Kurasa hizo zilikaa kwa Abu Bakr mpaka alipofariki, zikaenda kwa Umar, kisha zikawa mikononi mwa Bibi Hafsa binti Umar. Ulipofika ukhalifa wa Uthman, kurasa ziliazimwa, zikanakiliwa, nakala zikapelekwa katika miji mikubwa, na asili ikarudishwa kwa Bibi Hafsa. Hapana jambo la dunia liwezalo kulinganishwa na Kitabu hicho. Walakini adabu ya wazee hao ni funzo kwa kila mwenye kutunza maandishi. Mwenye amana alijulikana, nakala zilitengenezwa kwa uangalifu, na asili haikupotezwa.

Katika zama hizi jumuiya nyingi za Waislamu huweka katika tovuti zao nyakati za sala, matangazo ya mazishi, habari za madrasa, hotuba za Ijumaa na hesabu za michango. Na kila tovuti ikiishi siku nyingi hufikiwa na siku ya kuhama: ama kodi imepanda, ama kampuni iliyoihifadhi imefungwa, ama kazi yake si ya kutegemewa. Katika safari hiyo ndimo yanamopotea mambo mengi yaliyokusanywa kwa taabu.

JINA NA NYUMBA

Tovuti ina mambo matatu, nayo yapasa yatenganishwe. Kwanza ni jina, ambalo watu huliandika ili waifikie. Pili ni nyumba, yaani seva, kompyuta isiyozimwa ambamo kurasa zimewekwa. Tatu ni vyombo vya ndani, yaani maandishi, picha, na daftari la kompyuta liitwalo hifadhidata.

Hapo kale jina na nyumba vilikuwa karibu kuwa kitu kimoja. Majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa katika orodha moja, iliyotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford huko California. Kompyuta zilipoongezeka, orodha hiyo ikaelemewa. Ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni utaratibu mpya wa majina, ambao kwao kila mwenye jina huweza kulielekeza jina lake kwenye kompyuta aitakayo. Tangu hapo nyumba huweza kubadilika, na jina likabaki lile lile. Huu ndio msingi wa kuhama kote kunakofanywa leo.

Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na ikafunguliwa kwa watu mwaka 1991. Juu ya kompyuta yake kulibandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Lakini hata tovuti hiyo mashuhuri haikutunzwa ipasavyo. Mwaka 2013 CERN ilipotaka kuirudisha mahali pake pa asili, nakala iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1992. Kurasa za siku za mwanzo kabisa hazikupatikana. Ikiwa hayo yaliwafika wenye kuibuni kazi yenyewe, jumuiya ndogo haina budi kujihadhari zaidi.

MSIBA WA NYUMBA YA BURE

Mwaka 1994 ilianzishwa huko Marekani kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, ikawagawia watu viwanja vya bure vya kuweka kurasa zao. Mamilioni ya watu walijenga humo. Mwaka 1999 ikanunuliwa na kampuni ya Yahoo!, na tarehe 26 Oktoba 2009 milango yake ikafungwa, isipokuwa tawi la Japani, ambalo nalo lilifungwa mwaka 2019. Waliokuwa na nakala zao walihama. Wasiokuwa nazo walitegemea huruma ya watu wa kujitolea, na ya maktaba ya intaneti iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, waliokimbilia kunakili walichoweza kabla ya kufungwa.

Hata waliookoa kurasa zao hawakuweza kuokoa anwani, kwa sababu jina lilikuwa la mwenye nyumba. Aliyeishi humo alikuwa mpangaji, ingawa hakutozwa kodi.

MAJINA YA NCHI JIRANI

Huku Afrika ya Kati jambo hili lilionekana kwa sura nyingine. Tovuti za Zaire zilipewa majina yanayoishia na herufi za zr. Mwezi wa Mei mwaka 1997 utawala wa Mobutu ulianguka, nchi ikarudia jina la Kongo, na herufi mpya za cd zikawekwa. Zile za zamani zilifutwa kabisa mwaka 2001. Kila aliyekuwa na jina la zr alilazimika kuhamia jina jipya, hata kama seva yake haikusogezwa.

Rwanda nayo, kwa miaka mingi, jina lake la rw lilisimamiwa kutoka nje ya nchi. Mwaka 2012 usimamizi huo ulikabidhiwa RICTA, shirika la Wanyarwanda wenyewe. Yadhihirika basi kwamba hata dola huweza kukuta ufunguo wa mlango wake uko mkononi mwa mwingine, na kwamba ufunguo huo hurudishwa kwa utaratibu na subira.

FUNGUO

Funzo kubwa kwa Waislamu lilitokea mwaka 2010. Tovuti ya IslamOnline, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kunasibishwa na Sheikh Yusuf al-Qaradawi, ilikuwa miongoni mwa tovuti za Kiislamu zilizosomwa sana ulimwenguni. Taasisi iliyoimiliki ilikuwa Doha, nchini Qatar, ilhali wahariri wengi walifanya kazi Cairo. Mwezi wa Machi pakazuka hitilafu kati ya pande hizo mbili, na wafanyakazi wa Cairo wakagoma. Jina na tovuti vikabaki Doha. Baadhi ya walioondoka wakaanza upya mwaka huo huo, kwa jina la OnIslam.

Si kazi ya makala haya kuhukumu nani alikuwa na haki. Linalotosha ni hili: walioandika usiku na mchana hawakuwa ndio wenye jina, na siku ya kutengana kalamu haikushinda ufunguo.

TARATIBU YA KUHAMA

Kutokana na taarikhi hiyo taratibu zifuatazo zimethibiti. Kwanza, jumuiya ihakikishe kwamba jina limesajiliwa kwa jina la jumuiya yenyewe, si la kijana aliyeitengeneza tovuti wala la kampuni iliyoihifadhi. Maneno ya siri yajulikane na wadhamini wawili au zaidi, kwa maana mmoja huweza kusafiri, kuugua au kufariki.

Pili, ichukuliwe nakala kamili ya faili na ya hifadhidata, nayo ijaribiwe katika nyumba mpya kabla ya wasomaji kuelekezwa huko. Tatu, siku moja au mbili kabla ya kuhama, upunguzwe muda ambao kompyuta za ulimwengu hukumbuka anwani ya zamani, kwa mfano kutoka saa 24 mpaka dakika 5, ili mabadiliko yaenee upesi. Nne, zisisahauliwe barua pepe. Aghalabu hukaa nyumba moja na tovuti, na wengi wamehamisha kurasa wakaacha barua zao zikipotea njiani.

Tano, nyumba ya zamani isivunjwe siku ile ile. Ibaki wazi kwa wiki moja au zaidi, kwani wasomaji wengine watakuwa bado wanapelekwa huko. Sita, kurasa zikae katika anwani zake za awali. Na zikibadilika, aijaye kwa njia ya zamani aelekezwe kwenye mpya. Hotuba iliyotajwa katika barua ya miaka kumi iliyopita ina haki ya kuonekana leo.

Wazee waliojenga misikiti kwa michango ya senti waliandika wakfu mbele ya mashahidi, ili warithi wasije wakagombana. Jina la tovuti halina matofali wala bati, lakini ndani yake yamo majina ya marehemu, kazi za walimu na sadaka za wanyonge. Nalo lapasa kuandikiwa mashahidi mapema, wakati watu wangali wanapatana. Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kushika amana wazirudishe zikiwa timamu. Amin.