Meno ya Rais

Bibi akilala, meno yake ya bandia nayo hulala kwenye glasi ya maji. Nikiyaona namkumbuka George Washington. Wengi tuliambiwa yake yalikuwa ya mbao. Wapi! Alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alibakiwa na jino moja tu la kwake. Seti alizovaa zilitengenezwa kwa meno ya kiboko, risasi, springi na meno ya watu. Watu gani? Daftari lake la hesabu, Mei 1784, linadokeza: pauni 6 na shilingi 2 wamelipwa “Weusi” kwa meno 9, kwa ajili ya daktari wa meno. Majina hakuna. Walilipwa, sawa, lakini mtumwa atamwambiaje bwana wake hapana? Nadhani ndiyo maana uongo wa mbao umedumu: mbao haing'olewi kwenye ufizi wa mtu.