Vitabu vikubwa vya marejeo vyenye picha (Kampala)

Kitabu kikubwa cha marejeo chenye picha ni kile ambacho msomaji hukifungua kutafuta jambo fulani, si kukisoma toka mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha namna hii hupangwa kurasa kabla hakijaandikwa: mhariri huamua kuna mada ngapi, kila mada ipewe nafasi gani na picha zikae wapi. Chanzo cha hesabu hii ni mashine ya kuchapia. Karatasi moja kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu hukua kwa mafungu, wala hakiongezeki ukurasa mmoja mmoja. Mwandishi akirefusha sura, kielelezo chaweza kusukumwa mbali na maneno yake. Vitabu vingi vya zamani vilikwepa tatizo hilo kwa kukusanya picha za rangi mahali pamoja, kwenye karatasi laini inayong'aa, na msomaji akaachiwa kazi ya kufunua mbele na nyuma.

Kampala imechangia vitabu viwili vya kukumbukwa vya aina hii, ingawa vyote vilitolewa na wachapishaji wa Uingereza. Vyote vimetokana na shule ya sanaa ya Makerere, iliyoasisiwa na Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha mwaka 1937. Trowell aliwahi pia kutunza mikusanyo ya Makumbusho ya Uganda, na baada yake kazi hiyo ikashikwa na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Berlin. Mwaka 1953 wawili hao walitoa Tribal Crafts of Uganda kupitia Oxford University Press: Trowell aliandika juu ya kazi za mikono, Wachsmann juu ya ala za muziki.

Uamuzi wao mkubwa ulikuwa wa mpangilio. Hawakupanga kitabu kabila kwa kabila, bali kazi kwa kazi: ususi, ufinyanzi, vitambaa vya magome ya mti na kadhalika. Wachsmann alifuata mfumo wa Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914, unaozigawa ala kwa kitu kinachotoa sauti, yaani mwili wa ala yenyewe, ngozi, uzi au hewa. Mwaka 1961 yeye na Anthony Baines walitoa tafsiri ya Kiingereza ya mfumo huo. Faida ya mpangilio huu ni kwamba kazi za watu wanaoishi mbali hukaa jirani na kulinganishwa papo hapo. Hasara yake ni kwamba anayetaka kujua maisha ya kabila moja hulazimika kuyaokota vipande vipande. Hakuna mpangilio unaompendeza kila msomaji, na faharasa nzuri ndiyo huziba pengo.

Katika kazi kama hii mchoro mara nyingi huishinda kamera. Chukua endongo, zeze la Waganda lenye nyuzi nane, ambalo kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Picha ya kamera huonyesha endongo moja, pamoja na vumbi na kivuli chake. Mchoraji anaweza kuligeuza ubavuni, akaonyesha mikono miwili ya mti inavyopenya ngozi na kuingia katika bakuli, akaacha yasiyohitajika.

Aliyeufikisha ustadi huo mbali zaidi ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora mwaka 1935, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1960. Kitabu chake East African Mammals kilitolewa na Academic Press katika sehemu saba kati ya mwaka 1971 na 1982. Sehemu ya kwanza ina nyani na jamaa zao, pimbi, kakakuona na nguva. Za mwisho zinahusu jamii ya nyati na swala. Kingdon aliandika na kuchora mwenyewe. Aliwachora wanyama wakiwa hai, kisha akapasua mizoga, akachora fuvu, misuli iliyoshika fuvu, halafu uso wenye manyoya. Kwake mchoro ulikuwa njia ya utafiti, na maandishi mengi yanaeleza yale ambayo kalamu yake ilikwisha kuyagundua. Kitabu cha mtu mmoja kina bei yake, hata hivyo: mwenye sehemu ya kwanza alingoja miaka 11 kuipata ya mwisho, na Kingdon mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka Uganda.



Mwaka 1997 Kingdon alitoa mwongozo wa kubeba porini unaohusu mamalia wa Afrika nzima. Mwaka 2013 kikafuata Mammals of Africa, juzuu sita kutoka Bloomsbury. Safari hii utaratibu ulibadilika: wahariri walikuwa sita, waandishi mamia, na kila mnyama akaelezwa kwa vichwa vilevile, kuanzia jina na maumbile hadi chakula, uzazi na ramani ya maeneo anakopatikana, ili mikono mingi isomeke kama mmoja. Mchoraji alibaki Kingdon.