Askari wa Zamani Wasio na Makazi Nchini Marekani: Chumba Kwanza, Kisha Mtu wa Kuandamana Naye

Kila tarehe 11 Novemba Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Martino, Askofu wa Tours, aliyezaliwa Pannonia katika karne ya 4 na kuingizwa katika jeshi la Roma akiwa bado kijana. Siku hiyohiyo Marekani inawaadhimisha askari wake wa zamani, kwa kuwa ndiyo siku ambayo Vita Kuu ya Kwanza ilisitishwa mwaka 1918. Mapokeo yanasimulia kwamba Martino, akiwa bado mkatekumeni, alikutana na maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi langoni pa mji wa Amiens, akalikata joho lake la kijeshi vipande viwili na kumpa kimoja. Katika picha nyingi za makanisani askari yuko juu ya farasi na ombaomba yuko chini. Katika miji ya Marekani ya leo, mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja.

Tunaposema askari wa zamani tunamaanisha mtu yeyote aliyelitumikia jeshi na kuachishwa, awe alikaa miaka mitatu au thelathini. Wengi wetu hudhani kwamba kila aliyetoka jeshini ana pensheni. Sivyo. Nchini Marekani pensheni ya utumishi hutolewa kwa kawaida kwa aliyetimiza miaka 20, na walio wengi hutoka mapema zaidi, wakiwa vijana wenye ujuzi ambao soko la ajira halijui kuupima. Wengine wamebeba majeraha ya mwili, wengine kiwewe cha vita, na baadhi yao wameyatuliza maumivu hayo kwa pombe au dawa za kulevya. Ndoa ikivunjika na kodi ya pango ikipanda, kinachofuata ni gari la kulalia, kisha kituo cha hifadhi, kisha barabara. Hapa kwetu aghalabu aliyeachishwa jeshi hurudi kwao, ambako walau kuna shamba la ukoo na ndugu wa kumpokea. Kule, asiyeweza kulipa pango huwa hana pa kurudi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1932, katika mdororo mkuu wa uchumi, maelfu ya askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza walipiga kambi mjini Washington wakidai malipo waliyoahidiwa, na serikali yao ikawatawanya kwa nguvu ya jeshi lilelile walilolitumikia. Fundisho hilo liliingia. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili ada za masomo na dhamana ya mikopo ya nyumba, ingawa askari weusi wengi walizuiwa na mabenki wasiifaidi. Baada ya Vietnam tatizo lilirudi kwa sura ya wanaume waliolala mitaani. Mwaka 1988, mjini San Diego, askari wa zamani wa vita hiyo waliandaa kambi ya siku tatu kwa ajili ya wenzao: chakula, maji ya kuoga, nguo safi, daktari. Kambi za namna hiyo zimeenea nchi nzima, nazo ni njema. Lakini siku ya nne mtu hurudi barabarani.

Mageuzi makubwa yalitokana na wazo sahili. Mwaka 1992 wizara mbili, ile ya nyumba na ile inayowahudumia askari wa zamani, zilianza mpango wa pamoja, uliopanuliwa sana kuanzia mwaka 2008 hata vocha zake zikapita 100,000. Mpango una miguu miwili. Wa kwanza ni vocha ya pango: mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake na serikali humlipa mwenye nyumba kiasi kilichobaki, hadi kikomo kilichowekwa. Wa pili ni afisa ustawi wa jamii anayemtembelea mpangaji nyumbani, akimsaidia kupata matibabu, kudai mafao yake, kupatana na mwenye nyumba na kutafuta kazi. Sambamba na huo upo mfuko wa ruzuku kwa mashirika ya kiraia, yakiwemo ya Kanisa, kwa ajili ya kulipa amana ya nyumba au malimbikizo ya pango kabla familia haijatolewa vitu nje.

Katika hesabu ya usiku mmoja inayofanywa kila Januari, mwaka 2010 walikutwa askari wa zamani wasio na makazi wapatao 74,000. Mwaka 2024 walikuwa 32,882. Mwaka huo wa 2024 idadi ya watu wote wasio na makazi nchini humo ilizidi 770,000, ambayo haikuwahi kufikiwa katika hesabu hizo. Yaani kundi moja lilipungua zaidi ya nusu wakati bahari yote ikijaa. Hatuoni maelezo mengine yenye uzito kuliko haya: kundi hilo lilipewa vyumba, fedha na watu wa kulifuatilia, na mengine hayakupewa kwa kipimo hicho.

Hapa ndipo penye ubishi. Zamani mtu alitakiwa kwanza aache pombe, ahudhurie mafunzo, athibitishe kwamba amebadilika, ndipo apewe ufunguo. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliugeuza mpangilio huo: nyumba kwanza, tiba baadaye na kwa hiari. Wapo waamini wema wanaouliza kama huko si kumlipia mlevi chumba cha kulewea. Swali hilo ni halali na tusilidharau. Utafiti mkubwa uliofanywa Kanada kati ya mwaka 2009 na 2013, ukihusisha watu wapatao 2,000 wenye maradhi ya akili katika miji mitano, ulionesha kwamba waliopewa nyumba kwanza walidumu katika makazi kuliko wengine; kuhusu ulevi, tofauti haikuwa kubwa. Kwa hiyo nyumba haimponyi mtu kwa kumtia ndani tu. Humwondoa barabarani, na kumwezesha daktari kujua wapi pa kumpata.

Kwa maoni yetu, mpangilio huu una mizizi katika Injili kuliko wanavyofikiri wanaoupinga. Msamaria Mwema hakumhoji aliyejeruhiwa kwa nini alisafiri peke yake katika njia ya hatari. Alimfunga jeraha, akampeleka penye chumba, akalipa dinari mbili, na, jambo tunalolipita upesi katika mahubiri yetu, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Chumba na ahadi ya kurudi ndiyo miguu miwili ya mpango tuliouelezea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 26, unayataja makazi miongoni mwa mambo ya lazima kwa maisha yanayostahili utu, pamoja na chakula na mavazi. Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima juu ya Kanisa na tatizo la makazi. Makazi, basi, ni suala la haki kabla hayajawa suala la zawadi.

Mfano wa kikanisa upo Chicago. Katika mtaa wa Auburn Gresham, palipokuwa na parokia ya Mtakatifu Leo, shirika la Catholic Charities la Jimbo Kuu lilijenga makazi ya askari wa zamani yaliyofunguliwa mwaka 2007, yenye vyumba 141, kila kimoja na jiko na bafu lake. Tunawaomba wanaosimamia mali za majimbo waliangalie jambo hili kwa makini: ardhi ya parokia iliyofungwa haikulazimika kuwa ghorofa la biashara.

Liko pia jeraha ambalo vocha haigusi. Daktari wa akili Jonathan Shay, aliyewatibu askari wa Vietnam mjini Boston, alisaidia kulieneza wazo la jeraha la dhamiri: maumivu ya mtu aliyetenda, aliyeshuhudia au aliyeamriwa jambo ambalo moyo wake unalihukumu. Dawa za usingizi hazifiki huko. Kanisa lina Sakramenti ya Kitubio, na lina makasisi: Jimbo Kuu la Kijeshi la Marekani linawahudumia pia wagonjwa katika hospitali za askari wa zamani. Lakini kasisi hawezi kuwa jirani wa kila siku. Mtu aliyezoea kulala na wenzake arobaini katika bweni, akipewa chumba kimya ghorofa ya tano, anaweza kuelemewa na upweke hata akatamani kurudi chini ya daraja alikokuwa na wenzake. Kazi ya kubisha hodi ni ya parokia.

Vikwazo havijaisha. Vocha bila mwenye nyumba anayeikubali ni karatasi tu. Kwa miaka mingi fidia ya ulemavu ilihesabiwa kama kipato, hata aliyeumia zaidi akaonekana tajiri mno asistahili kupewa nyumba; kanuni hiyo ilirekebishwa kwa wenye vocha hizi mwaka 2024. Mjini Los Angeles, ardhi iliyotolewa mwaka 1888 kwa ajili ya makazi ya askari walemavu ilikuja kukodishwa sehemu kwa matumizi mengine, ukiwemo uwanja wa michezo wa chuo kikuu, na mwaka 2024 jaji wa shirikisho aliamuru zijengwe nyumba zaidi hapo.

Miongoni mwa wasomaji wetu wapo wazazi wenye watoto Marekani, na mhamiaji mwenye ukaaji wa kudumu kule anaruhusiwa kujiunga na jeshi. Kwa hao tunaongeza jambo moja la kiutendaji. Anayeachishwa hupewa hati iitwayo DD 214, inayoonesha muda wa utumishi na namna alivyoachishwa; bila hiyo milango mingi huchelewa kufunguka, hivyo nakala yake itunzwe na ndugu pia. Ikipotea, nakala nyingine huombwa katika hifadhi ya taifa ya kumbukumbu. Aliyeachishwa kwa namna isiyo ya heshima kamili asikate tamaa kabla ya kuuliza, kwani mpango wa vocha umepanuliwa kuwajumuisha baadhi ya hao. Simu ya wizara husika kwa asiye na makazi, au aliye karibu kuyapoteza, ni 877-424-3838. Hupokelewa usiku na mchana, na ndugu anaweza kupiga kwa niaba yake.