Uraia wa Watoto wa Wageni Katika Marekani

Mtu mzima atakaye uraia wa nchi asiyozaliwa hana budi kwenda mwenyewe, kujibu maswali na kuapa. Lakini mtoto mchanga ataapaje? Kwa sisi tuliozaliwa na kukulia mahali pamoja swali hili ni jepesi. Kwa watu waliohama ni jambo la nyumba nzima. Twataka kueleza jinsi Wamarekani walivyolijibu, maana nchi yao imejaa watu waliotoka ng'ambo.

Sheria yao ya kwanza ya uraia wa tajnisi, yaani uraia apewao mgeni, ilitiwa sahihi tarehe 26 Machi 1790. Mgeni aliyekaa miaka 2 katika nchi aliweza kwenda mahakamani, akathibitisha kuwa ana mwenendo mwema, akaapa kuitetea katiba. Kisha sheria ikaongeza neno dogo: watoto wake walio chini ya miaka 21, wakaao katika nchi hiyo, nao watahesabiwa kuwa raia. Hawakuitwa, wala hawakuulizwa. Baba alitoka nyumbani asubuhi akiwa mgeni, akarudi jioni ni raia. Na watoto aliowaacha wakicheza uani walikuwa wamekwisha kuwa raia pasipo kujua.

Huo ulikuwa wema mkubwa. Lakini kamba ile ile iliyomvuta mtoto ndani iliweza kumwacha nje, kwa kuwa mwisho wake mwingine ulikuwa mkononi mwa baba. Sheria ya 1790 ilisema habari za watu weupe walio huru tu. Wageni waliozaliwa Afrika, na wenye asili ya Kiafrika, walifunguliwa mlango mwaka 1870. Wachina walingoja hata 1943, na kizuizi cha rangi hakikuondolewa chote mpaka 1952. Basi mtoto aliyezaliwa China akaletwa Marekani angali mdogo hakuwa na njia ya kupitia kwa baba, kwani baba mwenyewe alikataliwa. Bali mdogo wake aliyezaliwa huko huko Marekani alikuwa raia tangu siku ya kwanza. Ndivyo ilivyohukumu mahakama yao iliyo juu ya zote mwaka 1898, katika shauri la Wong Kim Ark. Watoto wa tumbo moja, wanaokula chungu kimoja, mmoja raia na mwenziwe mgeni!

Na mama je? Kwa miaka mingi hakuhesabiwa. Mwanamke Mmarekani aliyeolewa na mgeni, akazaa nje ya nchi, hakuweza kumrithisha mwanawe uraia wake. Jambo hili lilitengenezwa tarehe 24 Mei 1934. Nasi twaona lilichelewa mno, maana nani amjuaye mtoto kuliko mamaye?

Sheria ifuatwayo sasa ilitiwa sahihi tarehe 30 Oktoba 2000, ikaanza kazi tarehe 27 Februari 2001. Mtoto aliye chini ya miaka 18, aliyepewa ruhusa ya kukaa daima, naye anaishi Marekani chini ya ulezi wa mzazi aliye raia, awe baba au mama, huwa raia papo hapo. Haapi. Hati aweza kuiomba baadaye, nayo ni ushahidi tu wa jambo lililokwisha kuwa. Hata mtoto wa kulelewa, aliyechukuliwa kisheria kutoka nchi nyingine, huingia humo.

Lakini waliokuwa wametimiza miaka 18 kabla ya siku ile hawakuingizwa. Kati yao wamo waliochukuliwa wachanga kutoka Korea na kwingineko, wakalelewa na Wamarekani, wasijue lugha nyingine ila Kiingereza; na wazazi wao wa kulea hawakujua kuwa yapasa kuwaombea uraia. Wengine walikuja kulitambua jambo hili walipokwisha kuwa watu wazima, wakiomba pasipoti. Wengine, baada ya kufungwa kwa makosa, walirudishwa katika nchi wasiyoikumbuka, wakafika wasiweze kuuliza njia. Miswada ya kuwasaidia imepelekwa Bungeni mara kadhaa. Hata kufika mwaka 2024 hapana hata mmoja uliokuwa sheria.