Wahunzi na Wachuuzi wa Ukambani

Kabla reli haijapita mahali ulipo mji wa Emali na kufika Nairobi mwaka 1899, bidhaa za nyanda za Ukambani zilisafiri kwa miguu. Wakamba walipeleka pembe za ndovu na mifugo Mombasa, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kivui Mwenda wa Kitui aliongoza misafara iliyosifika kote. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1849, na alikuwa pamoja naye mwaka 1851 Kivui alipouawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana.

Zitazame hasa zile nyaya. Mhunzi alizivuta hadi zikawa nyembamba, akazikata, kisha akaunga pete moja moja kuwa mkufu laini. Ni kazi ya subira kubwa, nayo inastahili heshima sawa na ya misafara yenyewe. Chuma nacho wahunzi walikipata katika mchanga mweusi wa mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua visu na ncha za mishale.

Emali iko mpakani mwa kaunti za Makueni na Kajiado. Biashara ya zamani haijaisha: katika soko lake, Wakamba na Wamaasai wangali wanauziana mifugo.