Chuo Kikuu Kilipoanza Kuwauliza Wanawake

Katika mazungumzo haya ya amani tumezoea kusema juu ya mashamba, mipaka na vijana wanaoshika bunduki. Leo tunachukua jambo ambalo wengine watashangaa kulisikia hapa: namna gani chuo kikuu kilifika kuwa na somo juu ya wanawake, na somo hilo lilileta nini kwa mtu wa shamba.

Kuna wanaocheka wakisikia. Wanasema: mwanamke anasomwa kwa nini, sisi tunamjua tangu tulipozaliwa, si yeye aliyetuzaa? Swali hilo si baya. Tutalijibu kwa historia.

Mtu akisimama Kasenyi au Tchomia, pwani ya Ziwa Albert, ng'ambo ni inchi ya Bunyoro, katika Uganda. Wengi wetu tunaijua ng'ambo ile, kwa sababu watu wetu wameivuka kwa mitumbwi mara nyingi wakikimbia vita, na ndugu zetu wanakaa kule Kyangwali. Katika inchi ile, Hoima, mwaka 1926, alizaliwa msichana Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye watu walimwita Sarah Ntiro. Tunaanza na yeye, kwa sababu habari yake inaonyesha vizuri mambo yalivyokuwa.

Chuo cha Makerere pale Kampala kilifunguliwa mwaka 1922, kwanza kama shule ya ufundi yenye vijana 14, wote wanaume. Hata neno kuu la chuo, lile lililoandikwa kwenye alama yake, lilisema hivi: Tuwe wanaume. Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Mwaka 1945 wasichana sita walipokelewa. Sasa wakubwa wa chuo wakajikuta na shida: utawaambiaje wasichana hawa kila asubuhi kwamba wawe wanaume? Neno likabadilishwa, likawa: Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Wengine wanaona hilo ni jambo dogo. Mimi ninaona si dogo, maana linaonyesha kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyefikiri mwanamke anaweza kupita mlangoni.

Sarah alikuwa katika wasichana wa kwanza wale. Alipenda hesabu. Inasimuliwa kwamba mwalimu wa hesabu alikataa kufundisha wanawake, basi akalazimika kushika masomo mengine. Akasoma historia, akaenda Uingereza, na mwaka 1954 akapata diploma ya chuo kikuu cha Oxford, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika ya mashariki na ya kati. Aliporudi akawa mwalimu. Akaona mshahara wanaompa ni mdogo kuliko wa wanaume wenye masomo kama yake. Hakupiga kelele barabarani. Aliukataa mshahara wenyewe, akaendelea kufundisha bure, mpaka wakubwa walipoona haya wakamlipa sawa na wengine. Alikufa mwaka 2018, mama mzee anayeheshimiwa katika Uganda nzima.

Na kwetu Kongo, wakati ule ilikuwa namna gani?

Wabelji waliacha kazi ya shule karibu yote mikononi mwa misioni. Wavulana walifundishwa kusoma, kuandika, Kifaransa kidogo, ili wawe makarani, walimu na waganga wasaidizi. Wasichana walipelekwa kwa masista wajifunze kushona, kupika, kufua na kutunza mtoto. Mjini kulikuwa pia na nyumba za kuwafundisha bibi za wafanyakazi namna ya kushika nyumba kama Wazungu. Hatusemi kushona ni kitu kibaya. Mama wengi katika kambi wanaishi leo kwa cherehani. Lakini mtu aliyefundishwa kushona tu hataitwa pale karatasi za shamba zinapoandikwa.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Mwezi wa tano wa mwaka 1960, uchaguzi uliotuletea uhuru ulifanywa na wanaume peke yao. Mama zetu hawakupiga kura. Siku ya uhuru ilipofika hapakuwa hata mwanamke mmoja Mkongomani mwenye diploma ya chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyemaliza Lovanium mwaka 1964 katika somo la maisha ya jamii, yaani sosiolojia. Miaka miwili baadaye, 1966, akawa waziri, mwanamke wa kwanza katika serikali ya Kongo. Haki ya kupiga kura wanawake waliipata mwaka 1967. Angalieni hesabu hii: tulikuwa na waziri mwanamke ambaye hakuwa na haki ya kuchagua.

Lakini kumwingiza mwanamke chuoni ni jambo moja. Kufanya maisha ya wanawake yawe somo ni jambo lingine. Hili la pili lilichelewa. Katika Marekani chuo kimoja cha San Diego kilianza mwaka 1970. Mwaka huohuo mama mmoja wa Denmark, Ester Boserup, mtaalamu wa uchumi, alitoa kitabu kilichowashtua wakubwa wengi wa dunia. Alionyesha kwamba katika Afrika kazi nyingi za shamba la chakula zinafanywa na wanawake, lakini wakoloni walipoleta mbegu mpya na mafunzo mapya waliwaita wanaume tu. Mkulima, katika mawazo yao, alikuwa mwanaume.

Wazee wa Uele na Maniema hawahitaji kitabu kuelewa hilo. Tangu mwaka 1917 Wabelji walilazimisha vijiji kulima pamba. Jina lililoandikwa lilikuwa la bwana, kiboko kilikuwa cha bwana, na franka chache zilizolipwa zilikwenda kwa bwana. Lakini nani alipalilia? Nani alichuma, akabeba vikapu mpaka sokoni, akarudi kutwanga muhogo wa jioni? Waandishi wa historia waliofuata habari ile miaka ya nyuma wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ile iliangukia wanawake na watoto. Ukisoma vitabu vya hesabu vya serikali ya zamani hutawaona. Walifanya kazi, lakini katika karatasi hawakuwako.

Ndipo jibu la wale wanaocheka linaanza. Tunamjua mama, ndiyo. Lakini karatasi hazimjui, na serikali, tribinali na mashirika ya msaada hufuata karatasi.

Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa wanawake Mexico mwaka 1975, kisha mwaka 1985 mkutano mkubwa ukafanyika Nairobi. Wanawake wa Uganda walikwenda Nairobi wakati inchi yao ikiwa katika vita. Mwaka uleule, Kampala, wakaanzisha chama kiitwacho ACFODE. Vita haikuwa imekwisha vizuri, bei za vitu zilikuwa juu, na wao wakaomba mambo mawili: serikali iwe na wizara inayoshughulikia wanawake, na Makerere iwe na idara ya masomo ya wanawake. Wizara ilipatikana. Mwaka 1990 Makerere ikaanza kuwaongezea wasichana pointi moja na nusu wanapoomba kuingia chuo kikuu, maana wakati ule walikuwa kama robo tu ya wanafunzi. Watu walilia sana juu ya pointi ile, na mpaka leo wengine wanasema ni upendeleo. Sawa, ni upendeleo. Lakini ulifuata miaka mingi ya upendeleo mwingine ambao hakuna aliyeuita kwa jina hilo. Baadaye wasichana walikaribia nusu ya wanafunzi.

Mwaka 1991 idara ikafunguliwa. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Victoria Mwaka, mtaalamu wa jiografia. Wanaume nao walipokelewa kusoma.

Walifundisha nini? Neno kubwa ni jinsia. Mtu huzaliwa mume au mke; hilo ni mwili, ni kazi ya Mungu. Lakini nani abebe kuni, nani auze ng'ombe, nani aseme mbele ya chefu, nani arithi shamba: hayo yamepangwa na watu, na watu wa mahali pengine wameyapanga tofauti. Kitu kilichopangwa na watu kinaweza kuulizwa. Somo lote limesimama juu ya swali hilo. Na namna ya kuuliza ilibadilika pia. Zamani mtafiti alifika kijijini, akaketi na baba kwenye kiti, akamwuliza: hapa mnalima nini, mnakula nini? Mama alikuwa jikoni. Wanafunzi wa somo hili walifundishwa kumwuliza bwana upande wake na bibi upande wake, kisha kuweka majibu pamoja. Mara nyingi majibu hayakufanana, hata juu ya nyumba moja.

Hata mambo ya ndani ya nyumba yaliingia chuoni. Sylvia Tamale, mwanasheria aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo cha sheria cha Makerere, tangu mwaka 2004, aliandika juu ya ssenga, yaani shangazi, ndugu wa kike wa baba, ambaye kwa Waganda ndiye humfundisha msichana mambo ya ndoa. Kwetu pia shangazi anajulikana kwa kazi hiyo. Wengine waliona ni haya kubwa kuandika mambo yale. Tamale alionyesha kwamba mafundisho ya shangazi si utii kwa bwana peke yake. Ndani yake mna pia maarifa ya mwanamke juu ya mwili wake na namna ya kujitetea, na shangazi wa mjini wa siku hizi huongeza habari za fedha na za ugonjwa wa sida. Wazee wanaosema kwamba masomo haya yametoka Ulaya kuja kuharibu desturi wangefaa kusikia hilo. Hapa ni desturi yenyewe iliyopewa heshima ya kusomwa.

Sasa tufike kwenye shamba, maana hapo ndipo damu inamwagika.

Mwaka 1998 bunge la Uganda lilijadili sheria mpya ya ardhi. Wanawake wa vyama, wanasheria na watu wa chuo kikuu walileta yale waliyoyakusanya vijijini: wajane wanaofukuzwa, mashamba yanayouzwa na baba kwa siri, watoto wanaobaki barabarani. Walitaka shamba ambalo bwana na bibi wanaishi juu yake liwe la wote wawili. Mbunge Miria Matembe, mmoja wa wamama wa ACFODE, alisema wazi kwamba kifungu kile kilipita bungeni. Sheria ilipochapwa, kifungu hakikuwamo. Waganda wanakiita mpaka leo kifungu kilichopotea. Kilichobaki ni kwamba shamba la jamaa lisiuzwe bila bibi kukubali, na mwaka 2004 ikaongezwa haki yake ya kukaa juu yake. Kumiliki pamoja hakukuwekwa. Basi tusidanganyane: kusoma peke yake hakushindi. Ila bila hesabu zile za vijijini, hata kifungu kile kidogo kisingalitoka.

Kwetu Kongo njia imekuwa ndefu zaidi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilisema bwana ndiye mkubwa wa nyumba, tena bibi alihitaji ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Fikirini mama aliyeachana na bwana wake njiani katika mwaka wa mbio, hajui kama ni mzima au amekufa. Ruhusa hiyo ataitafuta wapi? Katiba ya mwaka 2006 ilitangaza usawa wa wanawake na wanaume katika kazi za inchi, na mwaka huohuo sheria mbili za mwezi wa saba ziliongeza nguvu juu ya kosa la kubaka. Mwaka 2016 sheria ya jamaa ilisahihishwa: ruhusa ya bwana ikaondolewa, mahali pake ikawekwa kwamba bwana na bibi wapatane. Bwana amebaki kuitwa mkubwa wa nyumba.

Juu ya urithi, wachefu, sikilizeni vizuri, maana mambo haya yanafika mbele yenu kila mara jamaa zinaporudi kutoka kambini. Katika sheria yetu, watoto ndio warithi wa kwanza, wasichana sawa na wavulana. Na aliyebaki, bibi au bwana, ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake, pamoja na sehemu ya shamba walilokuwa wakilima karibu nayo. Shemeji hana sheria ya kumtoa mjane asubuhi ya mazishi. Yapo mashamba ya desturi ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 1973 haikuyatengeneza vizuri, na juu ya hayo neno la chefu lina uzito mkubwa kuliko la tribinali iliyo mbali.

Uzito huo unaanza kwenye orodha. Kambi inapofunguliwa, mtu mwenye kalamu huandika mkubwa wa jamaa, halafu idadi ya watu. Bwana akiwa na bibi wawili, jina ni moja. Bwana akiondoka na karti ya chakula, watoto wa upande mmoja wanalala njaa. Na orodha ileile, miaka miwili baadaye, ndiyo inayochukuliwa kijijini kuonyesha nani alikuwa na shamba wapi. Chefu anayeandika majina mawili, la bwana na la bibi, na jina la kijiji alichotoka kila mmoja, anatumia mstari mmoja zaidi wa karatasi. Mjane atakaporudi na kukuta mtu mwingine amekwisha kupanda muhogo katika shamba lake, mstari huo ndio atakaoulizwa.